Mgonjwa Haulizwi Uji: Mhadhara juu ya Maisha Baada ya Kifua Kikuu Sugu



Leo ni tarehe 24 Machi. Siku kama ya leo, mwaka 1882, daktari Robert Koch alisimama mbele ya wenzake mjini Berlin akawatangazia kwamba amevigundua vimelea vinavyosababisha kifua kikuu. Dunia nzima huiadhimisha siku hii kwa kuzungumzia dalili, vipimo na dawa. Mambo hayo yana wasemaji wake, na wengine mmewasikia asubuhi. Mimi nimeombwa niseme juu ya kipindi ambacho hakina siku yake ya kuadhimishwa: kile kinachoanza pale daktari anapofunga faili na kukwambia, "Umepona, nenda nyumbani."

Kabla sijaendelea nina ombi. Utakapofika wakati wa maswali, tafadhali nitazame usoni, na usizibe mdomo kwa mkono wala kwa karatasi. Siku hizi nasikia kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Sababu yake ndiyo mhadhara wenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na moja nilisimama mbele ya watoto wa miaka sita na saba, nikiwafundisha kwamba alama hizi za chaki ubaoni zina sauti ndani yake. Mwaka 2011 nikaanza kukohoa. Nikapewa dawa za kawaida za kifua kikuu, kikohozi kikapungua, halafu kikarudi kwa nguvu mpya, na suruali zangu zote zikawa hazikai kiunoni. Makohozi yakapelekwa maabara kuoteshwa vimelea. Majibu yalipokuja nikaambiwa ni kifua kikuu sugu, maana yake vimelea vyangu havikuwa vikitishwa tena na rifampisini wala isoniazidi, dawa mbili ambazo ndizo nguzo za matibabu. Nikalazwa. Nilichomwa sindano ya kanamaisini siku sita kwa wiki kwa muda wa miezi minane, na kila asubuhi nikapewa kiganja kizima cha vidonge. Kuna kimoja kinaitwa saikloserini, ambacho kwangu kilileta ndoto mbaya mchana kweupe. Nilimeza dawa kwa miezi ishirini.

Nilipona. Nasema hivyo bila kusita, na ninawashukuru walionitibu kwa yote waliyonifanyia. Makohozi yalioteshwa mara nyingi, na hakuna kilichoota. Mwaka 2013 daktari alinipa mkono, nikarudi nyumbani, na baada ya wiki chache nikarudi darasani.

Jumatatu ile watoto walisimama wote kwa pamoja. Najua walisema, "Shikamoo mwalimu." Mimi nilisikia "ikamoo mwalimu." Nikadhani ni utoto. Nikaandika ubaoni sa se si so su, nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele asome. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata fimbo yangu. Nilisikia a, e, i, o, u. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikaandika fa fe fi fo fu. Akasoma, na masikioni mwangu yakaja yaleyale: a, e, i, o, u. Nikaandika sha. Nikasikia a. Mtoto alinitazama akidhani amekosea, macho yakaanza kumlengalenga. Hakuwa amekosea hata herufi moja. Nilimwambia, "Vizuri sana, kaa," kisha nikageukia ubao nisiwaonyeshe uso wangu.

Baadaye nilieleweshwa kilichotokea. Ndani kabisa ya sikio kuna mrija uliojikunja kama gamba la konokono, na humo zimepangwa chembehai zenye vinywele vidogo mno. Zilizo karibu na mlango wa mrija hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani zaidi hupokea sauti nene. Kanamaisini huanza kwa kuua zile za mlangoni. Zikishakufa hazioti tena, si kwa dawa wala kwa muda. Ndiyo maana nilibaki na ngurumo ya lori na sauti ya baba yangu, nikapoteza filimbi, ndege wa asubuhi, na herufi zile zinazotoka kwa kupuliza: s, f, sh, th. Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ndogo. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza, ni kama fundi saa kunyang'anywa vidole.

Lakini sikuja kuwasimulia habari ya masikio tu. Siku ileile, saa nne, niliingia ofisi ya walimu kunywa chai. Kikombe changu kilikuwa pembeni peke yake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Hakuna aliyeniambia neno. Nilikunywa chai yangu. Kisayansi, mtu aliyemaliza dozi na makohozi yake kuwa safi hamwambukizi yeyote, na kifua kikuu husafiri kwa hewa wala hakikai kwenye kikombe. Walimu wenzangu walikuwa wamesoma, na wengi wao walinipenda. Walikuwa wameamua jambo juu yangu, na hawakuona haja ya kuniuliza.

Wahenga wana methali: mgonjwa haulizwi uji. Nyote mnaijua. Maana yake ni kwamba mtu akiwa kitandani humsumbui kwa maswali, unapika na kumletea. Ni methali ya upendo, na mimi nimeokolewa nayo. Dada yangu alifunga genge lake la chakula ili aniuguze. Kila siku aliniletea uji wa ulezi wenye ndimu kwenye chupa ya chai, na kila siku nilimwambia sitaki, naye hakunisikiliza. Angenisikiliza nisingekuwa hapa.

Shida ni kwamba hakuna anayejua methali hii inaisha lini. Ugonjwa unaondoka, methali inabaki. Uongozi wa shule uliamua nihamishiwe stoo ya vitabu, nipumzike. Jamaa waliamua shamba la marehemu mama lilimwe na mwingine, mimi nisijichoshe. Katika vikao vya ukoo nilikuta mambo yameshaamuliwa. Na jambo ambalo watu wa mbali hawawezi kulielewa, lakini ninyi mtalielewa mara moja: sikuletewa tena kadi za mchango. Harusi zilipita mtaani kwetu, kipaimara kikapita, kadi ziligawiwa nyumba kwa nyumba, na mlango wangu ulirukwa. "Mwacheni mwalimu, anaumwa." Wakati huo nilikuwa siumwi. Ungeniambia hospitalini kwamba ningehuzunika kwa kukosa kudaiwa pesa za harusi, nisingeamini. Lakini mtu asiyechangishwa ni mtu ambaye jamii imeshamtoa kwenye hesabu ya walio hai.

Ndiyo hoja niliyokuja nayo leo. Kupona ni kazi ya dawa, na maabara wanaweza kuipima. Kurudi ni jambo lingine, na linaanza siku unapoulizwa tena.

Sasa nataka kuwaonyesha kwamba pengo hili limo hata katika daftari letu la wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyeshirikiana na Watanzania kuujenga ni daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyehamia kufanya kazi Uholanzi. Styblo mwenyewe alipata kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitoka humo hai, na maisha yake yote yaliyobaki akayaelekeza kwenye ugonjwa uleule uliotaka kumuua. Hapa kwetu yeye na wenzake walithibitisha kwamba nchi maskini inaweza kutibu kifua kikuu kwa wingi, ikiwa dawa hazikosekani, mgonjwa anamezeshwa akitazamwa, na kila jina linafuatwa daftarini mpaka mwisho wake ujulikane. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza duniani kote. Mamilioni ya watu wameponywa kwa njia iliyojaribiwa katika zahanati za nchi hii. Tunajivunia mambo mengi madogo kuliko hilo.

Lifungue daftari lenyewe uangalie safu ya mwisho, ya matokeo ya matibabu. Kwa miaka mingi iliandikwa moja kati ya haya: amepona, amemaliza dawa, amefariki, dawa zimeshindwa, ametoroka, amehamia kituo kingine. Neno "ametoroka" liliniudhi tangu mwanzo, kana kwamba mgonjwa ni mfungwa, na nilifurahi ilipofika mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaliacha na kusema mtu huyo amepotea katika ufuatiliaji. Maneno yana uzito. Lakini baada ya "amepona" daftari linaisha. Hakuna safu ya "amerudi kazini." Hakuna safu ya "anapumua vizuri" wala "anasikia." Daftari lililobuniwa na mtu aliyeugua na kuinuka halina mahali pa kuandika kuinuka. Simlaumu Styblo. Alikuwa anazima moto, na mtu anayezima moto hapangi samani. Sisi tuliokuja baadaye ndio tulipaswa kuongeza safu.

Kwa sababu makovu yapo. Kifua kikuu kikikaa muda mrefu kabla ya kugunduliwa kinatoboa mapafu, na tundu linapopona linaacha kovu gumu ambalo haliwezi kutanuka kama pafu. Mirija ya hewa inapanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo. Watu wengi waliopona kabisa, makohozi safi, wanaishi na pumzi fupi mpaka kufa kwao, na kila wakikohoa majirani wanasema "kimerudi." Ilifika 2019 ndipo wataalamu wa nchi mbalimbali walipokutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu maisha baada ya kifua kikuu peke yake. Fikirini: miaka 137 baada ya Koch.

Nitawaeleza sasa jinsi nilivyoulizwa mimi.

Nilikuwa stoo, nahesabu vitabu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya alinifuata pale. Hakunipa pole. Alisema, akinitazama usoni ili nimsome midomo, "Mwalimu, kuna kijana mtaa wa bondeni ameacha dawa mwezi wa pili wa matibabu. Sisi wa koti jeupe anatufungia mlango. Utaweza kwenda?" Tangu nitoke hospitali hilo lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa ambalo jibu lake lilikuwa na maana kwa mtu mwingine.

Nilikwenda jioni. Mlango ulifungwa kweli. Nikakaa kwenye ngazi ya nje, nikasubiri. Baadaye akatoka, kijana wa ujenzi, mabega mapana na shingo iliyokonda. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimeugua ugonjwa wake, ule mkubwa zaidi. Akakaa.

"Ulikuwa unatapika?"

"Kila siku."

"Ukaacha?"

"Nilitaka kuacha mara mbili."

"Kwa nini hukuacha?"

Nilimweleza habari ya dada yangu na chupa ya uji. Hakucheka. Akasema mwezi wa pili alijisikia mzima, mkojo bado mwekundu kwa dawa, vibarua wenzake wakamwona chooni wakaanza kumkimbia. Akaona heri aache dawa mkojo urudi rangi yake, apate kazi. Nawaambia, katika mafunzo yote niliyopata baadaye hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kuacha dawa kwa sababu ya rangi ya mkojo kwenye choo cha eneo la ujenzi. Tulikubaliana ameze jioni badala ya asubuhi, na kituo wakaridhia. Akamaliza miezi yake.

Alipona, lakini pafu la kulia lilikuwa limeshaharibika sana kabla hajapimwa. Zege hawezi kubeba tena. Mpeleke kwenye ngazi leo utamwona: hatua kumi na mbili, anasimama, anavuta hewa kwa pua, anaitoa taratibu kwa midomo iliyochongoka, kama unavyopuliza uji wa moto kwenye kijiko. Halafu hatua nyingine kumi na mbili. Namna hiyo ya kupumua alifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mtu yeyote mwenye kovu la mapafu anaweza kufundishwa kwa siku moja, lakini wengi hawafundishwi kamwe kwa sababu faili limeshafungwa. Kuna mazoezi, kuna kipimo rahisi cha kutembea dakika sita kwenye njia iliyonyooka na kupima umbali. Kinahitaji saa na kamba ya kupimia.

Kazi yake sasa ni kukadiria. Mafundi wanampelekea ramani ya nyumba, naye anakaa chini ya mwembe na kalamu, anawaambia matofali mangapi, mifuko mingapi ya saruji, mabati mangapi na yatabaki vipande gani. Amekuwa hodari hivi kwamba mafundi hawakorogi zege kabla hajaangalia hesabu. Nilimuuliza kama anaukumbuka mwili wake wa zamani. Akasema, "Kila siku mwalimu. Nikiona mtu anabeba ndoo mbili naona wivu." Nimeiweka kauli hiyo hapa kwa makusudi, maana wasemaji wa mikutano hupenda kusema kwamba maradhi ni zawadi. Si zawadi. Ningeambiwa leo nirudishiwe herufi s na f kwa kubadilishana na yote niliyojifunza, ningezipokea kabla sentensi haijaisha. Anayemwambia mgonjwa ashukuru ugonjwa wake anamnyima hata haki ya kulia, na huko nako ni kumletea uji bila kumuuliza. Mtu haipati kazi mpya ndani ya ugonjwa. Anaipata pale ambapo mwingine anahitaji kitu ambacho yeye anakijua kwa kukipitia.

Hilo limetokea kwa kiwango kikubwa kuliko cha mtaani kwetu, na nataka majina haya mawili yakumbukwe. Phumeza Tisile ni wa Khayelitsha, nje ya Cape Town. Mwaka 2010 alikuwa mwanafunzi wa chuo alipopata kifua kikuu sugu, akachomwa kanamaisini kama mimi, akaamka siku moja dunia iko kimya kabisa. Alimeza vidonge zaidi ya 20,000, na mwaka 2013 akatangazwa kupona. Mwaka 2015 akapandikizwa vifaa vya kusikia. Nandita Venkatesan ni mwandishi wa habari wa Mumbai, India. Yeye aliugua kifua kikuu cha tumbo mara mbili, na mara ya pili, mwaka 2013, sindano zikamwondolea usikivu. Alikuwa mchezaji wa ngoma ya Bharatanatyam, na jukwaani alirudi.

Wakati huo kulikuwa tayari na bedakwilini, dawa ya kumeza ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya sindano. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwishoni mwa 2012. Bei yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa kampuni ya Johnson & Johnson pekee ndiyo iliyokuwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza. Hataza ya msingi ilikuwa inaisha nchini India Julai 2023, na kampuni ikaomba nyingine, juu ya aina ya chumvi ya dawa ileile, ambayo ingeisogeza mbele mpaka 2027. Mwaka 2019 Phumeza na Nandita, wanawake wawili waliopoteza masikio kwa dawa ya zamani, waliandika pingamizi rasmi katika ofisi ya hataza ya India. Hoja yao ilikuwa kwamba chumvi hiyo si uvumbuzi mpya. Tarehe 23 Machi 2023, siku moja kabla ya siku kama ya leo, ofisi ile ilikataa ombi la kampuni. Viwanda vya India vikapata nafasi ya kutengeneza, na bei ikashuka.

Wao wenyewe hawakufaidika na kidonge hata kimoja. Walikuwa wameshapona, na sikio likishakufa halifufuki. Tangu 2019 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi tena kanamaisini, na tangu 2022 wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu wanaweza kutibiwa kwa vidonge kwa miezi sita. Mwalimu atakayeugua mwaka huu nilivyougua mimi, hatapoteza sha yake. Nikifikiri hilo usiku napata amani ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Na msidhani lazima mwende India kuona mfano wa waliougua wakiwasaidia wengine. Pale Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamefundisha panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika ishirini, na hukamata wagonjwa ambao darubini iliwapita. Lakini panya hajui mgonjwa anaishi wapi. Fomu imeandikwa "karibu na msikiti, uliza kwa Mama fulani." Kazi ya kwenda kuuliza, kupita vichochoro, kugonga na kumwambia mtu kwa upole kwamba ana kifua kikuu na kwamba atapona, huko Temeke imefanywa na MUKIKUTE, kundi la watu waliowahi kuugua wenyewe. Wanajua jinsi ya kugonga mlango huo.

Nimebakiwa na jambo la dada yangu, na nalisema kwa aibu. Lugha yetu ni ya ajabu: kutoka kuugua tukapata kuuguza, yaani anayemhudumia mgonjwa anabeba kitenzi kilekile, kana kwamba naye yumo kitandani. Na kweli yumo. Dada aliuguza miezi ishirini. Nilipopona watu walikuja kunipongeza mimi. Genge lake lilikuwa limechukuliwa na mwingine, wateja wamezoea kwingine, mtaji umekwisha kwa nauli za hospitali. Ilipita miaka miwili ndipo nilipomuuliza, "Na wewe dada, ulitaka kufanya nini?" Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Hujawahi kuniuliza." Mimi niliyekuwa nazunguka nikilalamika kwamba siulizwi. Sasa anauza uji, asubuhi, karibu na kituo cha daladala. Aliuchagua mwenyewe, na wa ulezi na ndimu ndio unaokwisha mapema.

Nawaomba viongozi mliopo hapa: daftari liongezwe safu. Mtu aitwe miezi sita na mwaka mmoja baada ya kumaliza dozi, apimwe pumzi, apimwe usikivu, aulizwe kazi yake imekwendaje, na majibu yaandikwe. Waajiri, mtu akirudi kutoka hospitali mwiteni mezani kabla hamjampangia stoo. Mimi leo nafundisha watu wazima kusoma, jioni, wenye sauti nene ninazozisikia, na niliomba kazi hiyo mwenyewe baada ya mkuu mmoja wa shule kuniuliza ninaweza kufanya nini.

Kadi yangu ya kwanza baada ya ugonjwa ililetwa na jirani, mama mmoja mwenye haraka zake. Alisimama mlangoni, hakukaa. "Mwalimu, binti anaolewa mwezi wa nane. Kamati imekupangia elfu hamsini, usituangushe." Sikuwa na elfu hamsini. Nilitoa elfu kumi na kuahidi iliyobaki, na alipoondoka nilikaa na ile kadi mkononi mpaka giza likaingia.

Mtaani kwenu yupo mtu aliyemaliza dozi mwaka jana, wa kifua kikuu, au saratani, au kiharusi. Mnamjua. Mkitoka hapa, msimpelekee pole nyingine, anazo za kutosha. Muulizeni siku hizi anaweza nini na anataka nini. Na kama kuna kamati ya harusi inakaa wiki hii, angalieni orodha yenu, jina lake liwemo.